Taya Lenye Bawaba Mbili

Mama Meno alilipata jina lake kihalali. Kwa miaka thelathini na mmoja alitengeneza meno ya bandia katika karakana ndogo nyuma ya kliniki, na nusu ya wazee waliomsalimia barabarani walimchekea kwa meno yaliyotoka mikononi mwake. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka sitini na miwili, alikuwa na meno yake yote, jambo ambalo wifi yake aliliita kukosa adabu kwa wateja.

Kisha kliniki ikanunua mashine inayochonga meno peke yake. Fundi akaagwa kwa keki na saa ya ukutani, akarudi nyumbani kupumzika. Kupumzika kukamshinda. Aliishi na wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani aliyekuwa ameigeuza sebule yao kuwa chumba cha kushonea. Mwezi wa kwanza Mama Meno alinoa mikasi yote ya wifi. Mwezi wa pili alinoa visu vya majirani wa pande zote mbili. Mwezi wa tatu wifi alimtandikia gazeti mezani, akaweka kidole juu ya tangazo.

"Wifi, soma hapa kabla hujaninoa na mimi."

Jumba la makumbusho lilikuwa linatafuta mtu mwenye mkono uliotulia, wa kusafisha visukuku.

"Visukuku ndiyo nini hasa?" Mama Meno aliuliza.

"Mifupa ya zamani iliyogeuka mawe. Kazi yako ileile, ila hawa hawatarudi kesho kulalamika kwamba meno yanawabana."

Akaenda. Aliyempokea aliitwa Daktari, ingawa hakuwa wa kutibu watu. Alikuwa mtaalamu wa viumbe vya kale, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kalamu mbili nyweleni ambazo kila mara alizitafuta mezani. Hakuuliza vyeti. Alimpa yai la kuku lililogandamana na udongo mkavu, sindano, brashi ndogo, akasema atarudi baada ya saa nzima. Aliporudi, yai lilikuwa jeupe pe, bila hata ufa.

"Nikurudishie hivi hivi," Mama Meno akauliza, "au nikuchemshie?"

Daktari alicheka mpaka kalamu moja ikaanguka. Wiki iliyofuata Mama Meno akaanza kazi.

Maabara ilikuwa chumba kirefu cha ghorofa ya chini, chenye madirisha upande mmoja na makabati ya chuma upande wa pili, droo juu ya droo hadi darini. Alipewa meza iliyo karibu na dirisha, hadubini, taa yenye shingo ndefu, na sinia la mchanga la kulazia mawe yasitikisike. Palikuwa pia na kalamu ya hewa, kijichuma chembamba chenye mpira wa kuleta upepo, kilichotetemeka na kumega jiwe punje kwa punje. Mama Meno aliishika siku ya kwanza kama aliyezaliwa nayo. Ilikuwa ndugu wa ile aliyochongea meno, tena ndugu mpole zaidi.

Miezi minne alisafisha samaki, kwa kuwa Daktari alikuwa amesomea samaki na hakuona sababu ya mtu kupenda kitu kingine. Mama Meno alijifunza kutofautisha jiwe na mfupa kwa sauti tu: jiwe lilikwaruza, mfupa ulinong'ona. Saa nne walikunywa chai wakiwa wamesimama mlangoni, kwa sababu chai haikuruhusiwa kukaribia droo. Alirudi nyumbani na vumbi kwenye nyusi, akala kwa hamu, akalala fofofo. Wifi alisema hajawahi kumwona mtu aliyefurahia hivyo kufanya kazi na maiti.

Siku moja Daktari alileta bonge la jiwe jekundu lililotosha kiganjani. Lilikuwa limekaa kwenye droo miaka ishirini na saba. Lebo yake, iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kustaafu, ilisema: *Mtambaazi mdogo, taya na sehemu ya fuvu.* Kipande cha taya kilichochungulia nje hakikuzidi urefu wa pingili mbili za kidole.

"Maonyesho yetu yanafunguliwa baada ya wiki tano," Daktari alisema. "Nina nafasi moja tupu kwenye kabati la vioo. Nisafishie huyu, Mama, apendeze tu."

"Atapendeza," Mama Meno akasema, kama alivyokuwa akiwaambia vibogoyo.

Alimfanyia kazi wiki mbili. Meno yalianza kutokea, na hapo ndipo alipoanza kujisemesha peke yake. Meno ya mijusi na mamba yaliyokuwamo humo makabatini alikwisha kuyaona: yote ya aina moja, yamepangwa kama misumari. Huyu alikuwa na ya mbele ya kung'atia, kisha lililochongoka, kisha ya nyuma yenye vilele vya kukatia chakula. Zaidi ya hayo, ya juu yalikutana na ya chini sawasawa, kila kilele kikiingia penye pengo lake. Mama Meno alikuwa amehangaika nusu ya maisha yake kuyafanya meno ya watu yakutane namna hiyo.

Akamwita Daktari, Daktari akainama kwenye hadubini.

"Meno mazuri," alisema. Lakini macho yake yalivutwa nyuma ya taya, mahali palipokuwa na vifupa viwili vitatu vidogo vilivyobanana, kila kimoja kama punje ya mchele. "Hivi vimetoka mahali pengine, vikasagwa hapo. Viondoe. Vinaharibu mstari wa taya."

Mama Meno akasema sawa. Daktari akaenda zake kwenye kikao.

Akawasha kalamu ya hewa, akaielekeza kwenye kifupa cha kwanza, kisha akaizima. Akaiwasha tena. Akaizima. Alikuwa amekumbuka mzee mmoja, fundi wa viatu, wa miaka mingi nyuma. Daktari wa meno alimwamuru Mama Meno apunguze meno ya bandia ya yule mzee upande wa kulia, na ingawa vidole vyake vilikataa, alipunguza, kwa kuwa daktari ni daktari. Mzee wa watu alikunywa uji mwezi mzima mpaka akatengenezewa mengine. Hakumlaumu mtu, na hilo ndilo lililomchoma Mama Meno zaidi.

Akaongeza nguvu ya hadubini, akachukua brashi yenye nywele tatu na tone la maji. Alifanya kazi mpaka shingo ikakakamaa. Kifupa cha mwisho cha taya kilikuwa na kishimo, na ndani ya kishimo hicho mfupa ulikuwa laini. Kilichokiangalia kutoka upande wa fuvu kilikuwa na kinundu, nacho kilikuwa laini vivyo hivyo. Viwili hivyo havikusagwa pamoja na jiwe. Vilikuwa vimekutana kwa makusudi, kinundu kwa kishimo, kama mlango na bawaba yake.

Lakini pembeni yake, umbali wa unene wa ukucha, ule mfupa mkubwa wenye meno nao ulikuwa umerefuka kuja nyuma, ukagusa fuvu kwa kinundu chake wenyewe. Hapo pia palikuwa laini.

Mama Meno akaegemea kiti. Aliweka vidole mbele ya masikio yake, akafungua mdomo na kuufunga. Bawaba moja kila upande, kama ya watu wote aliowahi kuwatengenezea meno. Mnyama huyu alikuwa na mbili.

Daktari aliporudi alivikuta vifupa vipo palepale, tena vimesafishwa vikang'aa.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana. Vidole vyangu ndivyo havikukubali."

Daktari alikunja uso. Siku ile ilikuwa imemchosha, na mkurugenzi alikuwa ameuliza mara mbili kuhusu lile kabati la vioo. "Sina nafasi ya kungoja vidole."

"Nipe siku tatu, mwanangu. Nikishindwa kukuonyesha, nitaving'oa mwenyewe na samahani nitaomba."

Hakuwa amewahi kumwita mwanangu. Daktari alimtazama, akashusha pumzi, akasema siku tatu, si nne.

Jioni hiyo Mama Meno alifika nyumbani na daftari la vipimo, kila urefu na kila pembe aliyoisoma chini ya hadubini. Akachomoa sanduku la karakana kutoka chini ya majora ya vitambaa, akatoa nta nyekundu, visu vyake, mfuko wa plasta. Akavamia meza ya kulia chakula.

"Nilidhani umestaafu," wifi alisema.

"Nilistaafu meno ya watu. Haya ni ya mgeni."

Alichonga lile taya kwa nta, mara tano ya ukubwa wake, na upande wa fuvu uliokutana nalo. Asubuhi alimimina plasta, akaitoa, akaipiga msasa. Siku ya pili vipande vyote vilikuwa vimekauka kwenye ubao wa wifi wa kupigia pasi. Kazi ya misuli alitaka kuipa mipira ya kiunoni ya sketi, na hapo alihitaji msaada, maana wifi ndiye aliyejua mpira upi unavuta na upi umelegea.

"Huu ni wa nini?" wifi akauliza, akiukata.

"Wa kutafunia."

"Mungu wangu. Sketi zangu zimeanza kula."

Siku ya tatu akaupeleka mfano huo maabara, umepachikwa kwenye kipande cha ubao na kufunikwa kwa kanga kuukuu. Daktari alikuwa amejiandaa kuwa mpole, na ilionekana. Mama Meno akafunua. Upande wa fuvu ulikuwa umegandishwa kwenye ubao, na taya likining'inia kwa mipira miwili.

"Kwanza tufanye ulivyotaka wewe." Akachomoa vifupa vya nyuma, ambavyo alikuwa amevifunga kwa vijiti vya kutolewa na kurudishwa. "Haya, mtafunishe."

Daktari akalishika taya, akalisukuma juu. Kile kinundu cha mfupa wa meno kilikuwa kidogo, na fuvu palipogusana nacho palikuwa bapa tu. Taya likateleza pembeni. Meno ya chini yakapita ya juu bila kuonana nayo. Akajaribu tena, taratibu, likateleza tena.

"Angekufa na njaa huyu," Mama Meno alisema. "Sasa ngoja."

Akavirudisha vifupa mahali pake. Daktari akasukuma. Taya likapanda, likaegemea bawaba zote mbili kwa pamoja, na meno yakafungana kwa mlio mmoja mkavu, kila kilele ndani ya pengo lake. Akafungua. Akafunga. Mlio uleule. Alifanya hivyo mara saba au nane, kisha akavuta kiti, akaketi.

"Mama Meno," alisema hatimaye, "unajua umeniletea nini?"

"Taya lenye bawaba mbili. Zaidi ya hapo sijui, ndiyo maana nimekuletea wewe."

Daktari aliinuka, akaenda kwenye makabati mbio mbio, akafungua droo hii na ile, akarudi na visanduku viwili. Akavipanga mezani, lile bonge jekundu akaliweka katikati.

"Huyu wa kushoto ametoka kwenye mwamba wa chini kabisa, wa zamani zaidi. Miaka milioni mia mbili na arobaini. Angalia taya lake. Mifupa kadhaa imeunganishwa, na bawaba iko hapa nyuma, kwenye vile vifupa vidogo. Mfupa wa meno haugusi fuvu kabisa. Huyu wa kulia ni wa mwamba wa juu, karibu miaka milioni mia moja na ishirini. Mnyonyeshaji kamili, yaani mamalia, jamaa yetu. Taya lake ni mfupa mmoja tu, wenye meno, na bawaba ni ya mfupa huohuo."

Mama Meno akatazama cha kushoto, akatazama cha kulia. "Bawaba ilihama."

"Ilihama. Watu waliuliza zamani, itahamaje? Mnyama hawezi kukaa bila taya akingoja bawaba mpya. Jibu lilikuwa kwamba lazima waliwahi kuwapo wenye zote mbili kwa wakati mmoja, mpya ikiwa inaanza kukua, na ya zamani bado inafanya kazi. Tena lazima wapatikane kwenye miamba ya katikati, si chini mno, si juu mno. Na kweli wamepatikana, nchi za wenzetu, nimewasoma vitabuni. Mwamba wa huyu wako una miaka milioni mia mbili." Akagonga meza kwa kidole. "Katikati hasa. Amekaa kwenye droo yangu amevaa lebo ya mtambaazi, na mimi nikakuamuru umng'oe bawaba."

"Wewe umesomea samaki," Mama Meno akamtetea.

"Mimi nimesomea samaki," Daktari alikubali, kisha wote wawili wakaangua kicheko.

Walipotulia, Mama Meno akauliza swali lililokuwa likimwasha. "Na vile vifupa? Bawaba ya zamani ilipoachwa, vilikwenda wapi? Mfupa haupotei tu."

Uso wa Daktari ulikunjuka kama wa mtu aliyeulizwa kile alichotamani kuulizwa. Akanyoosha mkono, akamgusa Mama Meno sikio.

"Vimo humu. Vilizidi kuwa vidogo, vikawa vinapokea mtikisiko wa sauti. Katika masikio yetu kuna vifupa vitatu vidogo sana. Viwili kati yake ndivyo hivi. Na usidhani tunategemea mawe peke yake. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, vifupa vyake hivyo viwili huanza kuumbika kwenye taya, ndipo vinajitenga na kuingia sikioni. Waliochunguza watoto tumboni na waliochimba miamba walifika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti."

Mama Meno alijigusa mbele ya sikio. Alikuwa ametafuta bawaba za watu kwa vidole vyake, mbele tu ya sikio, mara elfu ngapi sijui, na hakuwahi kujiuliza kwa nini bawaba na sikio vimekaa ubavu kwa ubavu. Alijisikia kama mtu aliyeishi nyumba moja miaka yote na leo ameonyeshwa chumba kingine.

Bonge lilipelekwa kupigwa picha za eksirei, na picha zikaonyesha bawaba mbili vilevile upande wa pili, ndani ya jiwe ambalo hakuna aliyekuwa ameligusa. Mtaalamu wa mamalia wa kale alikuja kutoka chuo kikuu, mzee mkimya, akakaa na hadubini siku mbili. Alipoondoka alimwandikia mkurugenzi barua ya kurasa tatu, akaomba ruhusa ya kuuchukulia mfano ule wa plasta vipimo, na ile mipira ya sketi akaitaja na kuisifu humo humo.

Nyumbani, wifi alipoelezwa habari za mnyama huyo mdogo hakukubali kirahisi.

"Kwa hiyo babu yangu ni panya."

"Si panya. Panya ni binamu yako. Na huyu wa bonge huenda hata si babu, huenda ni ndugu ya babu. Lakini ni ukoo mmoja."

"Nitajua vipi kwamba hayo ni kweli, si watu wamepanga mifupa wanavyopenda?"

Mama Meno alitazama alichokuwa akishona wifi. Ilikuwa jaketi ya mteja, iliyokatwa kutoka koti la mwanamume. "Mtu asipoambiwa, atajua kwamba hii ilikuwa koti la kiume?"

"Mshonaji atajua. Tundu za vifungo nimeziziba, lakini alama zipo, na ziko upande wa kiume. Huwezi kufuta kila kitu. Unashona juu ya kilichokuwapo." Wifi akaiacha sindano hewani. Akaweka kidole mbele ya sikio, akafungua mdomo, akaufunga. "Ala," akasema. Akaendelea kushona, ila polepole.

Maonyesho yakafunguliwa siku ileile iliyopangwa. Samaki walisogezwa pembeni, na Daktari mwenyewe ndiye aliyewasogeza. Katikati ya ukumbi yaliwekwa mataya matatu ndani ya kioo kimoja, moja juu ya jingine kama tabaka za mwamba, la kale chini, na pembeni ukawekwa mfano wa plasta ambao mgeni yeyote angeweza kuufungua na kuufunga kwa mkono wake. Lebo mpya ilikuwa na jina kamili la aliyesafisha, lile la kwenye vyeti. Wifi, aliyekuja amejipamba kuliko watu wote, aliisoma kwa sauti mara mbili ili waliosimama nyuma nao wasikie.

Darasa moja la wanafunzi likaja na mwalimu wao. Mama Meno aliombwa aeleze. Hakujua kuhutubia, kwa hiyo akawaambia tu waweke vidole mbele ya masikio na watafune kitu kisichokuwapo. Wanafunzi arobaini wakasimama ukumbini wakitafuna hewa, na mwalimu, na bawabu wa mlangoni, na mkurugenzi katika suti yake.

"Mnaisikia inavyocheza?" aliwauliza. "Hiyo ni bawaba mpya. Ya zamani ndiyo inayowafanya mnisikie."

Binti mmoja wa mstari wa nyuma akainua mkono. "Bibi, na hii nayo itahama?"

"Sijui, mjukuu wangu. Ni polepole mno, mimi na wewe hatutaiona. Muulize Daktari, yeye amesoma."

Daktari akasema naye hajui, akasema kwa furaha kabisa, na akamwandikia binti yule jina la kitabu.

Jumatatu Mama Meno alifika kazini kama kawaida. Mkurugenzi alikuwa amemwomba afanye kazi siku zote tano na awe na ofisi yake. Alikubali siku nne, ofisi akaikataa, kwa kuwa haikuwa na dirisha. Juu ya meza yake Daktari alikuwa amepanga sinia la mawe mekundu, thelathini na nane kwa hesabu, yote ya mwamba ule wa katikati, yote yenye lebo za zamani.

"Sitakuambia ung'oe nini," Daktari alisema. "Utaniambia wewe."

Mama Meno aliyapitia moja moja chini ya taa. Akachagua dogo lenye jino moja linalochungulia, akalilaza kwenye mchanga, akavuta kiti mpaka magoti yakaingia vizuri chini ya meza. Nje watu walikuwa wanapita kwenda makazini. Akachovya brashi.